Msuguano Hausomwi Jedwalini

Matokeo ya kidato cha nne yakitoka na fizikia ikaanguka tena, maelezo tunayajua kabla hayajasemwa: skuli zetu hazina maabara. Wazazi wanayasema barazani, walimu wanayasema, wakubwa wanayasema mbele ya kamera, na kwa kuwa kila mmoja anakubali, hapana anayeuliza. Mimi nauliza. Sisemi maabara haina maana. Anayetaka kufundisha umeme bila ya ammita na voltimita atabaki kusimulia hadithi, na hilo sibishani nalo. Ninachobishania ni kuifanya maabara kisingizio cha kila mada kitabuni. Mada ninayoichukua kuwa hoja yangu ni msuguano, kwa sababu hakuna kipimo kilicho rahisi kuliko chake, na bado tunaufundisha kana kwamba haupimiki.

Angalia unavyofundishwa. Mwalimu anaandika ubaoni kwamba kani ya msuguano ni sawa na kizigeu cha msuguano mara kani wima, ile ambayo uso unakisukumia kitu kilichoukalia. Anaongeza kwamba vizigeu viko viwili: cha msuguano tuli, wakati kitu bado hakijaondoka, na cha msuguano wa mwendo, kikishaanza kuteleza. Cha kwanza ni kikubwa zaidi. Kisha linakuja jedwali: mbao juu ya mbao namba hii, chuma juu ya chuma namba hii, mpira juu ya lami namba hii. Baada ya jedwali zinafuata hesabu, na hesabu zenyewe ni zile zile kila mwaka: sanduku limewekwa kwenye mteremko wa nyuzi 30 na liko karibu kuteleza, tafuta kizigeu. Mwanafunzi anabonyeza tanjenti ya 30, anapata 0.58, anawekewa alama ya vema. Hajapata kuliona sanduku likiwa karibu kuteleza. Wala hajui kwamba mtu, siku moja, alilazimika kuliinamisha.

Hapo ndipo penye kosa, na kosa hilo halitibiwi kwa kujenga chumba chenye masinki. Tumemfundisha mtoto kuwa namba ile huzaliwa kitabuni. Anaichukulia kuwa ni sifa ya mbao, kama ulivyo uzito wa dhahabu kwa kila sentimita ya ujazo. Sivyo. Namba ya msuguano si ya mbao peke yake. Ni ya nyuso mbili zinazogusana, na ni ya hali yao kwa wakati ule: zimepigwa randa au bado, kavu au zimelowa, zina vumbi, zina mafuta, zimelaliana kwa dakika moja au kwa mwezi. Badilisha kimoja katika hayo, namba inahama. Jedwali linatoa makadirio tu, na ukichukua vitabu viwili ukavilinganisha utakuta vinapishana, kwa sababu waliopima hawakupima mbao zile zile.

Kosa hili halikuanza kwetu, na si la wajinga. Leonardo da Vinci alichunguza msuguano mwishoni mwa karne ya 15, akaona kwa usahihi kabisa kwamba unaongezeka kwa uzito na haujali upana wa uso unaogusa. Lakini alipofika kwenye namba alisema vitu vyote vilivyo laini vina msuguano ulio sawa na robo ya uzito wao. Robo, kwa vyote! Mtu mwenye kichwa kama kile aliteleza pale pale tunapoteleza sisi: namba moja, ya kudumu, ya kila mahali. Mfaransa Guillaume Amontons alizigundua upya kanuni hizo mwaka 1699, na Akademia ya Paris haikumkubalia mpaka jambo lirudiwe kupimwa.

Aliyeliweka sawa ni Charles-Augustin de Coulomb, na habari yake ningependa kila mwalimu wa Unguja aijue, maana inavunja hoja ya maabara kuanzia msingi. Coulomb alikuwa mhandisi wa jeshi. Mwaka 1779 alipelekwa Rochefort, bandari ya jeshi la majini la Ufaransa, na majaribio yake ya msuguano aliyafanya huko huko, ndani ya karakana za kuundia meli. Vifaa vyake vilikuwa mbao za mwaloni na miti mingine, mizigo, kamba na shahamu. Alivuta mbao juu ya mbao, kavu kwanza, kisha zilizopakwa mafuta. Aliona jambo ambalo vitabu vyetu huliruka: mbao zikilaliana bila kusogezwa, kani inayotakiwa kuziondoa inaongezeka kadiri muda unavyopita, kabla ya kufikia kiwango na kutulia. Mwaka 1781 Akademia ilimpa tuzo kwa kazi hiyo. Kanuni tunazowakaririsha watoto katika kidato cha tatu, tukiwaomba radhi kwamba hatuna maabara, zilitoka kwenye karakana ya vyombo vya baharini.

Sasa twende Nungwi. Kwenye ncha ile ya kaskazini ya Unguja mafundi bado wanaunda majahazi kwa msumeno, shoka na tezo, pwani kwenye mchanga, chini ya kivuli cha makuti. Chombo kikikamilika, sehemu yake ya chini hupakwa shahamu iliyochanganywa na chokaa ili kukikinga na wadudu wanaotoboa mbao, na siku ya kukishua husubiriwa maji makubwa ya bamvua, watu wakakusanyika, magogo yakalazwa chini yake. Ukisimama pale utaona sura nzima ya kitabu ikipita mbele yako. Mwanzo watu wanavuta, chombo hakiendi. Wanavuta tena, hakiendi. Kisha kinang'oka ghafla, na tangu hapo kinachotakiwa ni kutokisimamisha, maana kikisimama kazi inaanza upya. Hiyo ndiyo tofauti ya msuguano tuli na wa mwendo, na inaonekana kwa macho hata kwa mtoto wa darasa la pili. Kuhusu magogo yale, hayapunguzi msuguano wa kuteleza. Yanaufuta na kuleta mviringiko mahali pake, ambao ni mdogo mara nyingi zaidi. Skuli zilizo mwendo wa miguu kutoka pwani hiyo zinasema hazina pa kufundishia msuguano.

Nitaambiwa kuona si kupima. Kweli. Basi tupime, na tupime kwa vitu visivyozidi ubao, rula na simu.

Tafuta ubao wa urefu wa mita moja, ulionyooka. Weka juu yake kipande cha mbao kinachoenea kiganjani. Inua ncha moja ya ubao polepole, bila kutikisa, mwenzako akiwa na rula. Kipande kitakaa, kitakaa, halafu kitaondoka. Simamisha mkono hapo hapo. Pima kimo cha ncha iliyoinuliwa kutoka sakafuni, kisha pima umbali wa chini, kutoka ncha iliyobaki sakafuni mpaka chini kabisa ya ncha ya juu. Tuseme kimo ni sentimita 37 na umbali wa chini ni sentimita 93. Gawa 37 kwa 93, unapata 0.40. Hicho ndicho kizigeu cha msuguano tuli baina ya mbao mbili zile. Hukutumia kipima pembe. Hukupima uzito wa kitu chochote, kwa sababu uzito unajifuta wenyewe: sehemu yake inayokivuta kipande kuteremka na sehemu yake inayokikandamiza kwenye ubao zinakua pamoja. Leonhard Euler, Mswisi, alikwisha kuonyesha katika karne ya 18 kwamba tanjenti ya pembe ile ndiyo namba yenyewe, na tanjenti ni kimo kugawa kwa umbali wa chini, basi.

Msuguano wa mwendo unataka hatua moja zaidi. Tegemeza ubao kwenye kimo kile kile kwa matofali. Kishike kipande juu, kiachie, na kikigoma gonga ubao kwa kidole. Acha simu ya mmoja wenu irekodi video, kisha itazameni picha kwa picha. Tuseme kimeteleza sentimita 80 kwa sekunde 1.3. Mara mbili ya umbali, yaani mita 1.6, gawa kwa mraba wa muda, unapata mchapuko wa mita 0.95 kwa sekunde mraba. Lau pasingekuwa na msuguano, kwenye mteremko huo kipande kingechapuka kwa 9.8 mara 0.37, yaani 3.63. Tofauti, 2.68, imeliwa na msuguano. Igawe kwa 9.8 mara 0.93, unapata 0.29. Tuli 0.40, mwendo 0.29: mwanafunzi amezitoa mwenyewe, na hakuna jedwali lililomwambia ipi iwe kubwa.

Hapa ndipo wapinzani wangu wanapochangamka. Majibu yatatofautiana, wanasema. Kundi hili litaleta 0.40, lile 0.34, la tatu 0.47, mwalimu atasahihisha kwa lipi? Hoja hii nimeisikia kwa walimu wazuri, si wavivu, na ndiyo inayonisikitisha kuliko zote, maana inaonyesha jedwali limetuingia mpaka wapi. Majibu yakitofautiana, ndipo somo linapoanza. Kwa nini kundi la tatu limepata 0.47? Uliza. Labda ubao wao haujapigwa randa. Labda kipande kilishikwa kwa mikono yenye jasho, au mmoja ameinua kwa pupa na mwingine kwa utulivu. Irudieni mara kumi, angalieni namba zinavyotawanyika, chukueni wastani. Na ukitaka kujua saa ya simu inaharibu kiasi gani, kosa la sehemu moja ya kumi ya sekunde, 1.4 badala ya 1.3, linaibadili namba ya mwendo kutoka 0.29 kuwa 0.31. Mwanafunzi aliyeona hivyo hatoandika tena jibu lenye tarakimu nane alizopewa na kikokotoo.

Kuna mambo mawili yanayowashangaza watoto kila wakati, na kwa mshangao huo peke yake ubao unafaa. Kilaze kipande kwa ubavu wake mwembamba badala ya ule mpana: kinaondoka kwenye kimo kile kile, au karibu yake. Weka kipande cha pili juu ya cha kwanza: kimo kile kile tena. Kila mtu darasani alikuwa na uhakika kwamba uso mpana hushika zaidi na mzigo mzito huteleza mapema, au kinyume chake, na wamebishana kabla ya kuinua. Maneno ya Amontons yakisomwa kitabuni hayamshangazi yeyote; yanakaririwa, yanasahauliwa.

Na kama ubao nao utasemwa ni gharama, basi twende kwenye keram. Jioni yoyote katika vichochoro vya Mji Mkongwe, kuanzia Malindi mpaka Shangani, utawakuta watu wameizunguka meza ya keram barazani, na kabla ya mchezo mmoja wao anainyunyizia poda na kuisambaza kwa kiganja. Anajua anachofanya. Poda ikipungua, kete inakufa kabla ya kufika tunduni. Ikizidi na kujikusanya, kete inapotoka. Hiyo ni kazi ya kurekebisha kizigeu cha msuguano wa mwendo, inayofanywa kila siku na watu ambao huenda walifeli fizikia. Kuipima ni rahisi kuliko mteremko. Sukuma kete, irekodi kwa simu tangu inapotoka kidoleni mpaka inaposimama. Ikiwa imekwenda sentimita 60 kwa sekunde moja, mara mbili ya umbali ni mita 1.2, gawa kwa 9.8 mara mraba wa muda, unapata 0.12. Ipanguse poda, rudia, namba inapanda. Haikutakiwa pembe, haikutakiwa mizani, na somo limefanyika bila ya mtu kuondoka barazani.

Yupo atakayesema hii ni michezo, na mtihani haujali keram. Naomba basi tuutazame mtihani wenyewe, maana hata huko namba za kukariri zinawaangusha. Kosa ninaloliona zaidi kwenye madaftari ni hili. Sanduku la kilo 20 liko sakafuni, kizigeu tuli ni 0.5, mtu analisukuma kwa nyutani 30 na halijasogea. Msuguano ni kiasi gani? Wengi wanazidisha: uzito ni nyutani 196, mara 0.5, jibu 98. Wamekosa. Ingekuwa msuguano ni 98 na msukumo ni 30, sanduku lingerudi nyuma likamsukuma msukumaji! Jibu ni 30, kwa sababu msuguano tuli unajibu kwa kadiri unavyosukumwa, na 98 ni kikomo chake tu, pale sanduku linapotaka kuondoka. Fomula ya ubaoni haikusema hivyo kwa uwazi, na jedwali haliwezi kusema. Lakini aliyeinua ubao kwa mkono wake aliona kipande kimekaa kimya kwenye sentimita 10, kwenye 20, kwenye 30, na kuteleza kwenye 37 tu. Kikomo amekiona kilipo. Huyo hadanganyiki kwenye swali.

Inabaki hoja ya wingi wa wanafunzi, nayo ina uzito. Darasa likijaa, mwalimu mmoja hawezi kuzunguka makundi kumi na tano. Lakini tuwe wakweli: darasa hilo hilo likipelekwa maabara ya kisasa yenye meza nane, hali itakuwa mbaya zaidi, kwa kuwa wachache watashika vifaa na waliobaki watatazama migongo ya wenzao. Ubao wa mita moja hupatikana kwa seremala yeyote kutoka mabaki yake. Makundi kumi na tano ni mbao kumi na tano, na zinatumika uani, chini ya mwembe, bila ya funguo wala mlinzi. Ninachokiona ni kwamba chumba cha maabara kinapendwa kwa sababu kinaonekana, kinazinduliwa, kinakatiwa utepe. Rundo la mbao nyuma ya darasa halina wa kulizindua.

Faida yake je? Swali hili mara nyingi hutoka kwa wazazi, na jibu lake liko barabarani. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa linatembea karibu mita 14 kila sekunde. Kwenye lami kavu, kizigeu kikiwa 0.7, breki zikikazwa litasimama baada ya mita 14. Lami ikilowa na namba ikashuka mpaka 0.4, umbali unakuwa mita 25, na mvua za mwanzo za vuli ndizo mbaya zaidi, kwa sababu mafuta na vumbi la miezi vinaelea juu ya maji kabla havijasombwa. Wapo madereva wa daladala wanaoamini kwamba gari likijaa linakamata barabara na kusimama upesi. Kwa hesabu hii tungamo linajifuta, kama lilivyojifuta kwenye ubao: gari tupu na lililojaa, matairi yakiwa kwenye kikomo, husimama kwa umbali mmoja, na kwa uhalisia lililojaa ni baya zaidi, maana breki zake zinabeba joto kubwa zaidi.

Kisha kuna Vespa, chombo cha vijana wengi wa mjini. Gurudumu linapozunguka, ile sehemu ya tairi inayogusa lami huwa imetulia juu yake kwa nukta hiyo, kwa hiyo kinachomshikilia mpandaji ni msuguano tuli. Akikaza breki mpaka gurudumu likaacha kuzunguka, tairi linasota, na anabakiwa na msuguano wa mwendo, ulio mdogo, pamoja na usukani usiotii tena. Ndiyo maana magari ya kisasa yana mfumo unaoziachia breki na kuzikamata tena mara nyingi kwa sekunde moja. Vespa kongwe hazina mfumo huo, na kazi yake inamwangukia mpandaji mwenyewe, aifanye kwa vidole na kwa mguu.